Siku moja kwenye meza ya fundi wa laptopu, Kariakoo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kituoni Tabata nasubiri daladala, begi nimelikumbatia kifuani. Ndani yake kuna laptopu mbili za wateja ambazo jana nililala nazo kwa sababu kunakili mafaili hakukuisha, na begi la namna hiyo halivaliwi mgongoni kwenye msongamano wa asubuhi. Saa moja na robo nimeshafika Kariakoo, nimefagia, nimepata chai na chapati mbili.

Fremu yetu tunaichangia watu watatu. Mmoja anauza chaja na betri pale mbele, dogo anapokea mashine, na mimi niko nyuma na meza yangu, taa, bisibisi na brashi. Kila mashine ikipokelewa, dogo anaibandika kipande cha selotepu ya karatasi na kuandika tatizo kama mteja alivyolitaja. Leo zimelala tisa. Sita kati ya hizo zimeandikwa maneno yaleyale: "Nzito. Piga Windows."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Watu wengi wanaamini laptopu inazeeka kama mwili wa mtu, pumzi zinapungua mwaka hadi mwaka, na dawa yake ni kupigwa Windows upya, yaani kufuta ule mfumo unaoiendesha mashine na kuuweka mpya. Kwa hiyo fundi kwao ni kijana mwenye flashi tu: anaichomeka, anakaa, anapokea elfu kumi na tano. Mimi nalipwa kutafuta kitu gani hasa kinaichelewesha mashine hii, na kukitafuta kunachukua muda ambao mteja hauoni.

Saa mbili nafungua ya kwanza, ya ofisi moja. Selotepu inasema inafanya kazi vizuri dakika kumi za mwanzo, halafu inaanza kukwama. Hapo nimeshajua pa kuanzia, maana Windows iliyoharibika haikuvumilii dakika kumi. Nafungua skrubu za chini, natoa feni. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba ambako hewa ya moto inatokea, vumbi limeshikana hadi limekuwa kitambaa. Nalivuta kwa kibano, linatoka zima, la kijivu, lina michirizi ya mapezi upande mmoja kama lilichapwa. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikikaribia nyuzi joto 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, imeundwa hivyo, na mwenye mashine anachokiona ni mshale unaoburuzika kwenye kioo. Nafuta ile dawa ya kupitishia joto iliyokauka ikawa kama chokaa, napaka mpya, nafunga. Ilikuwa inagonga 97. Sasa kwa kazi ileile inakaa 74. Windows yake sijaigusa.

Saa tatu na nusu anaingia binti wa chuo, ana ripoti ya utafiti ya kuwasilisha wiki hii. "Kaka, nipigie Windows ila usinifutie kitu." Diski yake imebakiwa na giga mbili, programu 23 zinajiwasha zenyewe kila akiwasha mashine, na ana programu mbili za kuzuia virusi, kila moja inakagua faili lilelile kwa zamu yake. Naondoa moja, nazizima zile ambazo hazihitaji kuamka na mashine, nahamishia video zake kwenye diski ya nje. Nusu saa. Ni kweli kwamba kupiga Windows upya kungemsaidia, sikatai, lakini kungemsaidia kama kuhama nyumba kunavyomsaidia mtu asiyetupa takataka. Baada ya miezi michache angerudi palepale.

Saa nne na dakika kumi akaja mzee wa stesheneri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, ni mimi."

Akaiweka laptopu mezani juu ya mashine nyingine niliyokuwa nimeifungua, skrubu zangu mbili zikaruka chini. Ana duka Buguruni, anachapa barua, wasifu wa waombaji kazi, na zaidi ya yote kadi za michango ya harusi. "Hii imezeeka," akasema. "Piga Windows. Elfu kumi na tano, bei nimeshaulizia huko nje."

Nikamuuliza mara ya mwisho kupigwa Windows ni lini. Miezi miwili iliyopita. Kabla ya hapo? Miezi mitano. Na kabla ya hapo tena, akakumbuka, kulikuwa na nyingine. Mara tatu ndani ya mwaka, kila mara inakwenda vizuri wiki mbili tatu kisha inarudi kwenye uzito wake.

Nikaiwasha mbele yake, simu yangu inahesabu muda. Dakika sita na sekunde arobaini hadi picha ya mbele ikatokea. Nikabofya programu anayotengenezea kadi. Ilipofunguka ilikuwa dakika ya kumi. "Umeona?" akasema, kama mtu aliyeshinda kesi. "Uzee."

Nikamwomba ainame, aweke sikio karibu na kona ya kushoto, pale kiganja kinapokaa mtu akichapa. Tak. Tak. Kimya. Tak.

"Hiyo ni diski yako, mzee. Inarudia kusoma mahali pamoja."

Nikamweleza. Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na juu yake kuna kichwa kinachosoma kikiwa kinaelea bila kuigusa. Sehemu ya sahani ikianza kufa, kichwa kinakwenda hakipati, kinarudi, kinajaribu tena, na muda wote huo Windows imesimama inasubiri. Ukipiga Windows mpya, unaiandika juu ya sahani ileile inayokufa. Nikamwonyesha kwenye programu ya kupimia afya ya diski: rangi ya njano, na mamia ya sehemu ambazo diski yenyewe imekiri haiwezi kuzisoma.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kijana, nyinyi mnapenda kuuza vifaa."

Hilo liliniuma, na linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo kweli, na mimi ndiye ninayelipa kwa kutoaminiwa. Nikanyamaza. Akampigia simu mpwa wake, akaweka spika. Mpwa akasema kwa sauti ya kujiamini kwamba makampuni yanapunguza kasi ya vifaa vya zamani makusudi ili tununue vipya, hata kwenye simu walishakubali.

Sikutaka kumkatalia, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba masasisho yao yalikuwa yanapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, wakasema ni kuzuia simu isijizime ghafla. Mwezi huohuo wakatangaza kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na waliobadilisha betri simu zao zilirudi kwenye kasi yake. Hata laptopu zimewahi kuguswa na jambo linalofanana na hilo: Januari 2018 ulipotangazwa udhaifu wa kiusalama wa prosesa ulioitwa Meltdown na Spectre, Microsoft wenyewe walisema kwamba kwenye mashine za mwaka 2015 au zaidi ya hapo nyuma, baadhi ya watumiaji wangeona kasi ikipungua baada ya kuziba pengo hilo. Kwa hiyo sasisho kuipunguzia mashine kasi si uzushi. Lakini hakuna sasisho linalogonga tak, tak chini ya kiganja cha mtu, na hilo ndilo nililomwambia mpwa.

Kuna na lingine nilimwambia mzee, ambalo naona ndilo watu wanalichanganya na uzee. Mashine inabaki ilivyo, mzigo ndio unaoongezeka. Windows XP ya mwaka 2001 ilihitaji RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ya megabaiti 64 kwa uchache. Windows 11 ya mwaka 2021 inataka giga 4, mara 64 ya ile. Kurasa za intaneti nazo zimenenepa. Mtu aliyenunua laptopu ya giga 4 alipoona inamtosha, leo akifungua kurasa kumi RAM inajaa, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na kama diski ni ya kuzunguka, kila kitu kinatembea kwa mwendo wa sahani.

Tukabishana bei hadi karibu saa sita. Diski ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, kwa elfu sitini na tano, kuokoa mafaili kwa elfu ishirini, kazi kwa elfu ishirini na tano. Tukaangukia elfu tisini kwa jumla. Akavuta stuli. "Nitasubiri hapahapa."

Saa sita na robo nikaichomoa diski, nikaichomeka kwenye mashine yangu kwa waya. Kompyuta ikasema dakika arobaini. Nikaagiza wali maharage. Ilipofika asilimia 61 ikasimama, kwenye folda iliyoandikwa KADI. Makisio ya dakika arobaini yakawa masaa matatu, yakawa masaa saba, kisha ikaacha hata kukisia.

"Imefika wapi?"

"Bado, mzee."

Nikasimamisha unakili wa kawaida, maana kuilazimisha diski inayokufa isome mahali pabovu ni kuimalizia uhai wake. Nikawasha mashine kwa Linux, mfumo mwingine unaoweza kuiendesha badala ya Windows, na kutumia programu inayookota kwanza sehemu zote nzima, inaruka mbovu, ikimaliza ndipo inarudi kwa zile mbovu kidogokidogo. Diski ilikuwa ya moto mkononi, nikaiweka mbele ya feni ndogo ya mezani na kitambaa chini ili isitetemeke.

"Sasa imefika wapi?"

Saa nane umeme ukakatika. Feni ikasimama, taa ikazima, fremu ikawa tanuri. Mashine yangu ina betri, ikaendelea, na mimi nikabaki napepea diski ya mtu kwa jalada la daftari. Nilipepea muda mrefu. Mkono ukichoka nabadilisha. Dogo akanipokea kidogo, mteja akamwita, nikarudi mwenyewe. Wali umeshapoa, mafuta yameganda pembeni ya sahani. Mzee akiuliza namjibu, na katikati simu inaita, watu wa zile mashine nyingine wanataka kujua kama tayari. Kuna mmoja akaniambia, "Fundi, si Windows tu hiyo?" Jasho likanidondokea kwenye miwani nikashindwa hata kuifuta.

Sikumbuki umeme ulirudi saa ngapi. Nakumbuka muuza chaja alipiga makofi, na nikaona namba imefika asilimia 99 na ushei. Nikafungua folda ya KADI. Mamia ya kadi, miaka kadhaa ya harusi na sendofu za Buguruni, na kati ya hizo tatu tu zilikataa kufunguka. Nikamwonyesha hizo tatu. Akazisoma majina taratibu, akasema, "Hao walishaoana zamani." Ndiyo mara ya kwanza siku nzima aliongea nami kwa sauti ya kawaida.

Kuweka SSD ni dakika kumi, Windows nusu saa. Nilimweleza na lile asilotaka kulisikia: prosesa yake ni ya kizazi cha nne, Windows 11 haiikubali rasmi, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa stesheneri hilo ni zito, kwa sababu kila mteja anakuja na flashi yake na virusi vyake. Ningemwekea Linux, lakini programu ya kadi zake haifanyi kazi huko. Tukakubaliana mashine hii iwe ya kuchapa tu, mambo ya benki asiyafungue humo, na kila Ijumaa anakili kadi zake kwenye diski ya nje.

Nje giza limeanza. Nikambonyezea kitufe cha kuwasha. Akahesabu kwa sauti, kidole mezani: moja, mbili, tatu. Ilipofika ishirini na moja kila kitu kilikuwa tayari. Prosesa ni ileile, RAM ni ileile ya giga 4.

"Izime," akasema. Nikaizima. "Washa." Akahesabu tena.

Akanilipa elfu themanini, kumi akasema kesho. Akaomba na diski mbovu aondoke nayo, nikaifunga kwenye gazeti. Mlangoni akageuka: "Haya mwanangu, ahsante kwa kunivumilia."

Mgongo unawaka kuanzia kiunoni. Kwenye rafu zimebaki mashine saba, na tano bado zina ile selotepu. Dogo ameshafunga mlango nusu, ananisubiri na kufuli. Nikachukua kalamu, nikakata "Piga Windows" kwenye zote tano, juu yake nikaandika "Pima diski na joto kwanza", ili kesho akizifungua kabla sijafika ajue pa kuanzia. Kisha nikaweka begi kifuani, safari hii lina mashine moja tu, nikaelekea kituoni.