Doti Moja, Watu Wawili: Nilivyoipata Taashira ya Hadithi Yangu

Hadithi ya uchawi na mapenzi ya majaaliwa ina deni kwa msomaji: lazima aamini kwamba wale wawili waliandikiwa kabla hawajaonana. Msimulizi akisema tu "waliandikiwa", haitoshi. Panahitajika kitu cha kushikika. Nilipokuwa nikiandika kisa cha Zuhura, fundi cherehani wa soko la Gikomba, Nairobi, na Bakari, dereva wa matatu anayeota mambo kabla hayajatokea, kitu hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Wachina wana hekaya ya Yue Lao, mzee wa mbalamwezi anayewafunga uzi mwekundu miguuni watakaooana. Kwa Wajapani uzi huo hufungwa kwenye kidole cha mwisho. Ninaipenda sana hekaya hiyo. Lakini Zuhura amezaliwa Majengo, Pumwani, na nilitaka majaaliwa yake yatoke mlemle nyumbani kwao.

Nilikipata Biashara Street, kwenye maduka ya leso. Mama mmoja alikuwa akimnunulia mkwewe, na kijana wa duka akamkunjulia doti nzima. "Nikukatie, mama?" "Acha, mwanangu. Ataikata mwenyewe."

Hapo hapo nikajua. Doti ni leso mbili zenye pindo moja, mji mmoja (sehemu ya katikati) na jina moja (maneno yaliyoandikwa juu yake), zikiwa bado kitambaa kimoja. Mtu huzitenganisha kwa mkasi, kisha huzipinda pale palipokatwa, la sivyo nyuzi huchomoka. Katika hadithi yangu, bibi yake Zuhura anaikata doti na kumfunika kwa kipande kimoja mtoto wa jirani anayehamishwa usiku. Miaka inapita, na kipande hicho kinatandikwa kwenye kiti cha dereva, kimepauka kwa jua. Uchawi niliuweka mdogo kwa makusudi: mmoja akidanganya, jina linafifia kwenye leso ya mwenzake. Basi. Uchawi unaoweza kila kitu hauwatishi wapenzi wala msomaji.

Kupinda ndiko kulikonipa roho ya hadithi. Tatizo kubwa la mapenzi ya majaaliwa ni kwamba wahusika wanakosa la kuamua. Kila kitu kimekwisha kupangwa. Nikaamua bibi asipinde. Kwa hiyo wawili hao wameandikiwa kweli, lakini kila sura nyuzi zinazidi kuchomoka, na hakuna mzimu atakayewashonea.

Hapo ikaingia sindano. Anayeijua hekaya ya Fumo Liyongo anajua kwamba shujaa yule aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, tena kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Msomaji wetu akiona sindano ya shaba katika kisa cha mapenzi, moyo unamruka. Nikaitumia hofu hiyo: bibi anamwachia Zuhura sindano ya shaba ndani ya kopo, naye msomaji anakaa akisubiri damu. Usiku ambao Bakari amedanganya na jina limefifia, Zuhura anaitoa ile sindano. Anaanza kupinda leso yake, kwa mkono, cherehani ikiwa kando yake. Sijaandika sehemu ninayoipenda kuliko hiyo.

Mijakaranda niliipunguza. Ni miti iliyoletwa kutoka Amerika Kusini, na Oktoba inapochanua Nairobi hugeuka zambarau, hata waandishi wa mapenzi tunaikimbilia wote. Kwangu imebaki kalenda: maua yakitanda njiani, mwaka umezunguka.

Nilijiwekea sharti moja: hakuna mhusika atakayeieleza leso. Dada yangu aliposoma rasimu aliniuliza kwa nini Zuhura alichagua uzi mweusi. Sikumjibu, maana tayari alikuwa na majibu yake matatu, yote mazuri. Sasa niko kwenye sehemu ya pili, ambamo jina la leso litasomwa kwa sauti kwa mara ya kwanza, mbele ya wazee walioleta posa.