Jina lile lile, seva mbili nyuma yake: nilivyohamisha faili za ofisi Tabora

HIFADHI lilikuwa jina la seva yetu ya zamani ya faili, na lilikuwa limeandikwa kila mahali: kwenye faili za Excel zinazovuta takwimu kutoka faili nyingine, kwenye njia za mkato za tawi la Urambo, na kwenye mashine ya fotokopi inayotuma skani \\HIFADHI\skani. Kubadilisha yote hayo ni kazi isiyoisha. Nikaliacha jina, nyuma yake nikaweka seva mbili mpya, FS1 na FS2, zinazonakiliana kwa DFS-R (huduma ya Windows ya kunakili faili kati ya seva), na mbele ya seva hizo HAProxy, programu inayopokea miunganisho na kuielekeza kwenye seva.

Wengi huanza na DNS, mfumo unaogeuza jina kuwa namba ya IP, ambayo ndiyo sehemu rahisi. Katika Active Directory, mfumo wa Windows unaotunza akaunti za domeni, jina ni mali ya akaunti ya kompyuta. Ukielekeza HIFADHI kwenye HAProxy huku akaunti ya zamani bado inashikilia HOST/hifadhi (jina la huduma lililosajiliwa kwa akaunti hiyo), domeni itampa mtumiaji tiketi ya Kerberos (uthibitisho wa kuingia) iliyofungwa kwa ufunguo wa seva ya zamani, na FS1 haiwezi kuifungua. Mtumiaji ataambiwa jina la akaunti lengwa si sahihi. Kwenye logi ya kompyuta yake utakuta KRB_AP_ERR_MODIFIED.

Siku moja kabla, shusha TTL (muda ambao kompyuta hukumbuka jibu la DNS) ya rekodi ya HIFADHI hadi dakika 5. Faili nilizihamishia FS1 kwa amri ya Windows ya kunakili, robocopy /MIR /COPYALL /B /R:1 /W:1 /XD DfsrPrivate. Robocopy haihamishi ruhusa za share (folda zinazoshirikiwa mtandaoni) zenyewe. Hizo zitoe kwenye rejista, LanmanServer\Shares. Watu wakishatoka, rudia robocopy, kisha ipe seva ya zamani jina jingine na IP nyingine. Hapo endesha setspn -Q HOST/hifadhi, inayotafuta akaunti inayoshikilia jina hilo: isipatikane yoyote. Kuuliza cifs/hifadhi (jina la huduma ya faili) peke yake hakutoshi, maana HOST huhudumia cifs pia. Ndipo uandike kwa mkono rekodi ya A, yaani ile ya DNS inayoelekeza jina HIFADHI kwenye IP ya HAProxy. Mimi HAProxy niliipa IP ile ile ya zamani, kwa sababu fotokopi nyingi huwekewa namba badala ya jina.

Kwenye FS1 na FS2, chini ya LanmanServer\Parameters, weka DisableStrictNameChecking (DWORD) kuwa 1, uwashe upya huduma ya Server. Bila hiyo, seva inaweza kumkataa anayeiita kwa jina lisilo lake. Jina moja haliwezi kusajiliwa kwa akaunti mbili, kwa hiyo uthibitishaji utashuka kutoka Kerberos hadi NTLM, njia ya zamani zaidi. Kagua sera za domeni zisiwe zimeizuia, na ujue kwamba walio kwenye kundi la Protected Users, ambalo haliruhusiwi kutumia NTLM, hawataingia kwa njia hii.

Sasa HAProxy: mode tcp, bandari 445, timeout za client na server ziwe ndefu, mfano saa 1, la sivyo miunganisho iliyotulia itakatwa. Usigawe watumiaji kwenye seva zote mbili kwa wakati mmoja. DFS-R hainakili kufuli za faili; wawili wakihariri faili moja kwenye seva tofauti, toleo la mwisho kuhifadhiwa hushinda na jingine hutupwa kwenye folda ya ConflictAndDeleted. FS2 iwekwe alama ya backup, yaani itumike FS1 ikishindwa tu.

Tabora umeme hukatika, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. FS1 ikizima na kuwaka tena, HAProxy itairudishia watu mara moja, ingawa faili zilizobadilika FS2 bado hazijaifikia. Mistari miwili inazuia hilo:

stick-table type ip size 1 nopurge
stick on dst

Mistari hiyo huunda jedwali dogo linalokumbuka seva inayotumika sasa, hivyo kazi hubaki FS2. Jedwali hilo hukaa kwenye kumbukumbu tu, hivyo mashine ya HAProxy lazima iwe na UPS yake. Kabla ya kuirudisha FS1, endesha Get-DfsrBacklog, inayoonyesha faili zinazosubiri kunakiliwa, kutoka FS2 kwenda FS1. Ikionyesha hata faili 1, subiri. Ikiwa tupu, funga faili zilizo wazi, kwa kuwa DFS-R haipeleki faili hadi ifungwe, angalia tena, kisha futa jedwali kwa amri ya HAProxy ya clear table.