Seva yetu ilivyokubali barua asubuhi na kuikataa mchana

Ninatunza seva ya barua pepe ya ofisi ya mawakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Mzigo ukitoka Mombasa, nyaraka zake hutangulia kwa barua pepe. Zisipofika, dereva analala kwenye foleni. Ndiyo maana nilishtuka mteja mmoja wa Mombasa aliponipigia: "Kaka, asubuhi mmepokea barua yangu, sasa hivi mmeikataa. Nimekosa nini?"

Logi ya Postfix, programu inayopokea barua kwenye seva yetu, ilitoa 554, namba ya kukataa barua, ikidai anwani ya IP ya seva yake imo kwenye zen.spamhaus.org, orodha ya anwani zisizoaminika kutuma barua. Nikaigeuza ile IP nyuma mbele na kuiuliza orodha kwa dig, amri ya kuuliza DNS (mfumo wa majina ya intaneti, ambao orodha hii hujibu kupitia kwake): haimo. Nikarudia: haimo. Baadaye, laini ya intaneti ikiwa inasuasua, nikauliza tena na kupata 127.255.255.254.

Jibu kati ya 127.0.0.2 na 127.0.0.11 ndilo linalosema mtumaji ameorodheshwa. Hilo la 127.255 halimhusu mtumaji hata kidogo. Linamwambia muulizaji kwamba swali lake limepitia resolva ya umma (seva inayouliza DNS kwa niaba ya yeyote), kwa hiyo halijibiwi, maana maswali ya seva nyingi mno huchanganyika humo na haijulikani nani ameuliza mangapi. Lakini Postfix usipoielekeza, jibu lolote kwake ni "ndiyo, yumo".

Nikafungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja resolva ambazo seva itazitumia. Mstari wa kwanza ni 127.0.0.1, yaani Unbound, resolva yetu wenyewe. Wa pili ni 8.8.8.8, resolva ya umma ya Google, niliouweka mimi kama akiba. Unbound ikichelewa sekunde 5, swali linahamia huko. Basi laini ikiwa nzuri barua zinapita, ikilegea wanakataliwa hata wasio na kosa.

Nikaufuta mstari wa pili, nikadhani nimemaliza. Jioni akakataliwa mteja mwingine.

Hapa ndipo nilipokesha. Dig ilijibu sawasawa kila mara, Postfix ikashikilia lile lile la zamani. Kumbe kwenye Debian, mfumo endeshi wa seva yetu, sehemu kadhaa za Postfix hufanya kazi zikiwa zimefungiwa ndani ya /var/spool/postfix, na humo mna nakala yao ya resolv.conf. Nakala yangu bado ilikuwa na 8.8.8.8! Nilipoizima Postfix na kuiwasha upya, ikanakili faili jipya.

Sikutaka kutegemea hilo peke yake, nikaandika pia kwenye mipangilio ya Postfix kwamba ikatae tu kwa majibu yanayoishia 2 hadi 11:

reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]

Sasa hata jibu la kosa likija, halimfungii mtu mlango. Kila nikigusa mipangilio ya DNS nauliza 2.0.0.127.zen.spamhaus.org, ambayo lazima ijibu kuwa imo, kisha 1.0.0.127, ambayo haipaswi kuwemo. Na ndani ya Unbound nilihakikisha haipeleki maswali kwa resolva nyingine. Inauliza yenyewe kuanzia kwenye mzizi, yaani seva za juu kabisa za DNS.

Asubuhi nikampigia yule wa Mombasa, nikamwomba radhi, nikamsihi atume tena. Barua iliingia kabla hatujakata simu.