Pakacha la barazani

Wete, Ijumaa usiku.

Naandika kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa. Jana mdogo wangu kaja na laptopu mkononi, kanuna. "Kaka, hii kompaila yako inanambia nimekosea mstari wa 15. Mstari wa 15 una bano moja tu!" Nikatazama. Kweli bano moja tu. Alichosahau ni nukta mkato, mwisho wa mstari wa 14.

Kosa langu, si lake. Nina kigeu cha jumla, yaani thamani iliyo wazi kwa programu nzima, jina lake mstari_wa_sasa, kimekaa kama pakacha barazani: kila apitaye anatia mkono. Parsa, sehemu inayokagua sarufi ya msimbo, haiwezi kujua nukta mkato haipo mpaka ichungulie tokeni ya mbele, yaani neno au alama inayofuata, na ile kuchungulia tu leksa, inayokata msimbo kuwa tokeni, imeshaongeza namba ya mstari. Funksheni ya kutoa kosa inafika mwisho, inasoma 15, inaamini.

Nikapekua msimbo wa GCC, kompaila maarufu ya lugha ya C, kujifariji. Wazee wale, walioanza 1987, nao wanacho kigeu cha jumla: input_location. Ukiita funksheni ya error() inasoma hicho hicho. Ukiita error_at() lazima uipe mwenyewe mahali pa kosa. Nimeiba fikra ya pili. Sasa kila tokeni inatembea na mstari wake na safu yake.

Kilichonila siku mbili ni kihesabu cha makosa, nacho kigeu cha jumla. Majaribio yangu yanasoma mafaili moja baada ya jingine ndani ya programu ile ile. La kwanza lina makosa 3 ya makusudi, la pili safi kabisa, na bado naambiwa "Makosa 3". Kompaila ikishughulikia faili moja ikafa, uchafu wa namna hii hauonekani, inakufa nao. GCC nao walilazimika kufagia walipotoa libgccjit, maktaba ya kuitia GCC ndani ya programu nyingine, katika toleo la 5, mwaka 2015, maana hapo kompaila inaitwa tena na tena na programu ya mtu mwingine.

Basi nikatengeneza muundo, yaani fungu la vigeu, nikauita ripota, ndani yake kihesabu na jina la faili, nikaupitisha kwa kielekezi, yaani anwani yake kwenye kumbukumbu. Sikutafuta mahali pa kubadilisha. Nilifuta tu vile vigeu, gcc yenyewe ikanipangia malalamiko, kila mahali vilipotumika, skrini nzima. Kazi ya kuchosha, lakini haina fumbo.

Kigeu kimoja cha jumla nimekiacha, cha ujumbe wa kumbukumbu kujaa. Kiko chini mno kwenye msimbo, na usingizi umenishika.

Mdogo wangu kajaribu tena: "Mstari wa 14, safu ya 22: nukta mkato haipo."

"Ehe," kasema, "sasa tunaelewana." Kaondoka na chaja yangu.