Mziwanda wa Morden

Jumapili, saa nne usiku

Bibi ninayemhudumia siku za Jumapili ana piano sebuleni kwake. Imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa zimepangwa picha za watu ambao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Leo, baada ya kumwogesha na kumnywesha dawa za jioni, aliniomba niziondoe picha niinue kifuniko. Akabonyeza kitufe kimoja cheupe kwa kidole cha shahada, akausikiliza mlio mpaka ukapotea wenyewe, kisha akaniambia nifunge. Sikumwuliza kitu. Nilizirudisha picha mahali pake, nikamtakia usiku mwema, nikatembea hadi kituo cha Morden, ambacho ni cha mwisho upande wa kusini katika njia ya treni ya Northern hapa London.

Ndani ya behewa niliweka hedifoni masikioni na kumfungulia Sampha, mwimbaji na mpiga piano wa hapa London, kama nifanyavyo mara nyingi nikiwa katika njia hii, kwa sababu hapa ndipo kwao. Sampha Sisay alizaliwa mwaka 1988 na kukulia Morden, akiwa mziwanda katika watoto 5 wa kiume wa wazazi waliotoka Sierra Leone. Alipokuwa na umri wa miaka 3 baba yake alileta piano nyumbani, na mtoto huyo akaizoea kama vile wengine wanavyomzoea ndugu wa kucheza naye. Baba alifariki mwaka 1998 kwa saratani ya mapafu, Sampha akiwa bado mdogo. Piano ikabaki nyumbani, kwa mama.

Wapo wanaolalamika kwamba ni msanii mzito wa kutoa kazi. Ukizihesabu albamu zake kamili tangu alipoanza kusikika mwaka 2010 hadi 2023, utapata mbili tu, Process na Lahai, na kwa mtu mwenye sauti kama ile, sauti yenye mkwaruzo laini unaotetemeka mwishoni mwa maneno, mbili zinaonekana haba. Mimi sioni hivyo. Katika miaka yake ya mwanzo aliitumia sauti hiyo zaidi ndani ya nyimbo za wenzake. Mwaka 2011 aliimba katika albamu ya kwanza ya SBTRKT, mtayarishaji wa midundo ya kielektroniki aliyekuwa akijificha nyuma ya kinyago, na mwaka huohuo akaimba pamoja na Jessie Ware katika “Valentine”. Mwaka 2013 Drake alimweka kwenye “Too Much”, na kiitikio chake ndicho kinachoubeba wimbo ule wote. Mwaka 2016 alisikika na Solange katika “Don't Touch My Hair”, wimbo ambao mwanamke yeyote mweusi aliyewahi kushikwa nywele na mtu asiyemjua hahitaji kufafanuliwa. Katika nyimbo zote hizo Sampha hashindani na mwenyeji wake. Anaingia, anaweka neno lake mahali panapolihitaji, anatoka.

Lakini kuna jambo jingine lililokuwa likiendelea nyumbani, na ndilo linalonifanya nimtetee kwa moyo wote. Mwaka 2010, mwaka uleule alipotoa Sundanza, mkusanyiko wake wa kwanza wa nyimbo chache, mama yake aligunduliwa kuwa na saratani. Miaka ambayo jina lake lilikuwa likipaa, ambayo wengine wangeitumia kuzunguka dunia, kwake ilikuwa pia miaka ya kuuguza. Neno hili kuuguza nalijua kwa mikono yangu. Anayeuguza hupanga siku yake kwa saa za dawa, hulala huku sikio moja liko macho, na akitoka nyumbani kwa muda huwa ameacha nusu ya akili yake kitandani kwa mgonjwa. Mama yake alifariki Septemba 2015. Process ilitoka Februari 2017, na kila niisikilizapo najiuliza ni nani angeweza kuimaliza mapema zaidi ya hapo.

Wimbo ninaourudia ni “(No One Knows Me) Like the Piano”. Humo anaizungumzia ile piano iliyo nyumbani kwa mama yake, kwamba hakuna amjuaye kama inavyomjua yenyewe. Ni vizuri kukumbuka kwamba huyu ni fundi wa vinanda vya umeme na kompyuta, mtu awezaye kurundika tabaka juu ya tabaka la sauti hadi usijue ipi imetoka kwa binadamu na ipi kwa mashine, na nyimbo nyingine za albamu hiyohiyo, kama “Blood on Me” yenye pumzi za mtu anayekimbizwa, zinaonyesha uwezo huo waziwazi. Hapa ameuweka kando karibu wote. Ni vidole, na sauti inayoimba taratibu kama mtu anayechelea kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Anayeyazoea makazi ya wagonjwa ataitambua sauti ya namna hiyo, kwa kuwa ndiyo sauti tunayoitumia sote tukiwa mlangoni mwao.

Mama yangu alifia Tanga mwaka 2019. Dada yangu aliponipigia simu nilikuwa nimeshika taulo la mama wa watu, nikimfuta mgongo, na ilinibidi nimalize kumvisha nguo kwanza, kwani haiwezekani kumwacha mtu mzima akiwa amelowa na baridi ya Januari. Khitma ya arobaini niliisikilizia kwenye simu. Katika wimbo unaofungua Process, “Plastic 100°C”, Sampha anagusia uvimbe aliouhisi kooni na wasiwasi aliolala nao, jambo ambalo hata katika mahojiano amewahi kulieleza. Kwetu tunasema donge limenikaba, na hakuna anayempeleka mtu hospitali kwa neno hilo. Niliposikia kwamba kwake donge lilikuwa la kweli, la kushikika, nilisimamisha wimbo na kukaa kimya muda mrefu.

Septemba 2017, miaka 2 baada ya Sampha kumzika mama yake, Process ilishinda Tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland, mbele ya majina makubwa kama Ed Sheeran na Stormzy. Nilifurahi, ingawa sikushangaa.

Kisha akanyamaza kwa miaka mingine. Mwaka 2020 akapata binti. Mwaka 2022 akasikika na Kendrick Lamar katika “Father Time”, wimbo unaohusu mtoto wa kiume na baba yake, na nikawaza juu ya yule mtoto wa Morden aliyempoteza baba mapema. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, ikaja Lahai. Ngoma zake zinakwenda mbio, na piano inapita katikati yake kama maji yapitavyo baina ya mawe. Lahai ni jina la babu yake mzaa baba, na ni jina la Sampha mwenyewe la katikati. Kwa Kiswahili cha kwetu tungesema yeye ni wajina wa babu yake, na tungemtania, tungemwamkia shikamoo angali mtoto. Dada yangu naye amejifungua mwaka jana, na mtoto amepewa jina la mama. Tangu siku hiyo hakuna nyumbani anayemwita kwa jina, wote tunamwita Mama, nami nikipiga simu huuliza, “Mama ameamkaje?” na dada hujibu bila kusita.

Treni ilipofika kituo changu nyimbo za Lahai zilikuwa hazijakwisha, nikaketi kwenye benchi la jukwaani mpaka ule wa mwisho ukamalizika. Kesho zamu yangu inaanza saa moja asubuhi, nyumba ileile, kwa kuwa mwenzangu ni mgonjwa. Nikiwa mlangoni natoka bibi alikuwa ameniita tena, akaniambia kesho niziache picha mezani, nisizirudishe juu ya piano.