Nilivyokokotoa pengo la nishati la utepe wa grafini

Grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, ikiwa nzima haina pengo la nishati, yaani eneo la nishati ambalo elektroni haziruhusiwi kuwamo. Ndiyo maana, pamoja na sifa zote ilizomwagiwa tangu Andre Geim na Konstantin Novoselov walipoitenga kule Manchester mwaka 2004, swichi ya grafini haizimiki sawasawa. Ila ukiwa na utepe wake mwembamba, wa upana usiofika hata nanomita moja, elektroni hubanwa na pengo hujitokeza. Kukokotoa pengo hilo ndiko kulikokuwa kazi yangu ya uzamili.

Msimamizi wangu aliniambia, "Mwanangu, anza na karatasi." Nashukuru nilimsikia. Nilichora utepe wenye kingo za umbo la kiti cha mikono, nikahesabu safu za atomi za kaboni kutoka ukingo hadi ukingo. Idadi hiyo ndiyo N. Katika hesabu hii elektroni huhamia kwa atomi jirani tu, na nishati ya uhamaji huo, t, ni kama elektronivolti 2.7 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Wimbi la elektroni sharti liwe sifuri hatua moja nje ya kila ukingo, kama uzi wa gitaa uliokazwa pande zote mbili. Kwa hiyo mawimbi yanayokubalika ni machache, p kuanzia 1 hadi N, na pale pengo linapokuwa jembamba kuliko pote, nishati ni t mara [1 + 2cos(pπ/(N+1))], chanya au hasi. Pengo ni umbali kati ya chanya na hasi zilizo karibu zaidi na sifuri, yaani mara mbili ya nishati hiyo.

Hapo ndipo penye utamu. Weka N = 5 na p = 4: kosaini ni −0.5, jumla ni sifuri, pengo hakuna. Ongeza safu moja tu, N = 6, pengo linafika elektronivolti 1.33. N = 7, 1.27. N = 8, sifuri tena! Safu moja ya atomi, nanomita 0.123, inaamua kama utepe utakuwa kipitishi au nusukipitishi. Nilirudia hesabu ile kwa furaha tu.

Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilikuja baadaye, na haikunisumbua. Kipande kinachojirudia cha N = 7 kina atomi 14, hivyo ni matriksi, yaani jedwali la namba, ya 14 kwa 14, kazi ndogo hata kwa kompyuta ya kawaida. Majibu ya karatasi yakawa kipimo cha programu: isipotoa sifuri kwa N = 5, basi kuna kifungo kati ya atomi mbili kimesahaulika.

Uhalisia una mengi zaidi. Tepe za N = 7 zilizoundwa juu ya dhahabu zilipopimwa, pengo lilikuwa karibu elektronivolti 2.3, kwa sababu elektroni husukumana na hesabu yangu haikuugusa msukumano huo. Tena mwaka 2006 wanafizikia Son, Cohen na Louie walionyesha kwamba vifungo vya ukingoni ni vifupi kwa asilimia kama 3.5, jambo linaloongeza t ya hapo kwa asilimia 12. Niliingiza badiliko hilo, na N = 5, niliyoiona haina pengo kabisa, ikafunguka hadi takriban elektronivolti 0.3.