Shahada na Shahidi

Jumapili usiku, Mikindani, Mombasa

Mama hakuniruhusu kuingia ndani jioni hii mpaka nioge uani. Tope la mikokoni likikauka huwa la kijivu na gumu kama saruji, na mimi lilikuwa limenipita magoti. Leo maji yalikuwa ya bamvua. Kufika saa nne na nusu asubuhi yalikuwa yamepwa mbali kabisa, hori lote, ule mkono wa bahari, liko wazi, tukafanya kazi mpaka tulipoyasikia yanarudi chini ya nyayo. Nguo nimezifua, zinachuruzika kwenye kamba. Kesho saa mbili asubuhi watanipigia simu watu wa mradi mmoja wa mikoko huko Kwale, kuhusu kazi ya kandarasi ya miezi sita. Usingizi umekataa, basi naandika.

Mwezi huu natimiza miaka miwili tangu nihitimu sayansi ya mazingira. Miaka minne ya masomo, na deni la HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, juu yake. Nilitoka chuoni nikiamini kazi zitakuwa tele, na bado naamini kazi yenyewe ipo, kwa sababu naiona kila ninapotoka nje. Maji taka ya mitaa ya huku juu yanateremka moja kwa moja hadi kwenye mikoko ya hori la Tudor. Taka za mji zinalundikwa Mwakirunge. Sheria zipo: ya mabadiliko ya tabianchi tangu 2016, ya udhibiti wa taka tangu 2022. Mji unaililia kazi hii, na vijana waliosomea kuifanya tumekaa barazani.

Mwaka wa kwanza nilitarmaki, yaani nilizunguka kutafuta kazi, kama wanavyotarmaki wote. Nina daftari la kurasa tisini na sita nililoandika kila ombi nililotuma: tarehe, cheo, jibu. Maombi sitini na matatu. Majibu manne. Moja kati ya hayo manne lilikuwa la kuitwa kwenye mahojiano, na nilipofika nikaulizwa kabla sijakaa vizuri, "Nani kakutuma?" Nikajibu kwamba nimeona tangazo. Yule bwana akafunga faili langu taratibu, na mengine yote aliyoniuliza aliyauliza huku akiandika ujumbe kwenye simu yake. Sitaisahau sauti ya lile faili.

Na vile vyeti! Cha mwenendo mwema kutoka polisi, cha ushuru, cha HELB, cha kuonyesha huna madeni mabaya, cha maadili. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022, ikasema mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe tayari kumwandikia mtu mkataba. Hata hivyo matangazo mengi niliyoyasoma yanavidai mwanzo kabisa, na vingine vinalipiwa. Ukiwa huna kipato, cheti kimoja ni nauli ya wiki nzima. Hili linanikera, na nalisema wazi ili mwenzangu anayesoma ajue haki yake iko upande gani.

Nyumbani ushauri ulikuwa mmoja, kuanzia kwa ami mpaka kwa jirani anayeuza mbaazi: tafuta mtu. "Una mtu huko?" Kila nikitaja ofisi, swali hilo. Nililichukia. Kwangu mimi kujuana kulikuwa ndiyo ile dhuluma yenyewe, mpwa wa fulani kuketi pahali pa aliyesoma. Nikajiapiza kwamba nitapata kazi kwa shahada yangu au nisiipate.

Mwaka jana nilihudhuria warsha ya siku mbili katika hoteli moja ya Nyali, kuhusu uchumi wa bahari. Nilikwenda na nakala kumi na tano za wasifu wangu kwenye bahasha ya kaki. Siku ya kwanza niligawa kumi na moja. Nilikuwa nikimwendea mtu wakati wa chai, namsalimia, namwambia mimi mhitimu, natafuta kazi, karatasi hii hapa. Niliziona nyuso zikibadilika. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa watu walioombwa kitu wasichokuwa nacho mfukoni, mbele ya wenzao. Jioni nilipokwenda kuchukua mkoba wangu nikakuta wasifu mmoja umeachwa mezani, na juu yake pana alama ya duara ya kikombe cha chai. Nikauchukua. Bado ninao.

Siku ya pili sikugawa kitu. Nilikaa nyuma, karibu na mama mmoja mtu mzima aliyealikwa kuzungumza kwa niaba ya vikundi vya mikoko. Alipewa dakika tano mwisho wa ratiba, watu wakiwa wanakusanya mikoba. Alizungumza vizuri kuliko wote. Alisema mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha mchanga mwingi kutoka juu mpaka mizizi ya mikoko ikafukiwa ikakosa pumzi, na sehemu nyingine mpaka leo hazijaota tena. Warsha ilipokwisha nilimfuata nikamwambia, "Shikamoo, Bi Mkubwa. Ile mizizi iliyofukiwa, haiwezi kufukuliwa?"

"Marahaba mwanangu. Njoo uone mwenyewe. Wakaa wapi?"

Nikamwambia Mikindani. Alicheka, akanishika mkono, tukapanda matatu moja. Kitalu chao kiko mwendo wa robo saa kutoka mlangoni kwetu. Nimezaliwa hapa, nina miaka ishirini na sita, na sikuwa nimewahi kuteremka bonde lile.

Nataka niandike juu ya kitalu hicho, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha. Miche imepangwa kwa mistari pale maji yanapofika yakijaa, ndani ya pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Mbegu ya mkoko ni ndefu kuliko kalamu, inaota ikiwa bado juu ya mti, ikianguka inajichoma topeni. Chuoni nilijifunza majina yote ya Kilatini ya aina tisa za mikoko ya Kenya, nikapata alama nzuri. Pale bondeni wale akina mama waliita tu: huu mkoko, huu mchu, ule uliosimama mbele baharini mlilana, huu mkandaa, na huu muia. Mkandaa mchanga na muia mchanga sikuweza kuvitofautisha. Msichana wa gredi ya nane, mjukuu wa Bi Mkubwa, alivitofautisha akiwa amebeba ndoo kichwani. Alinionyesha jani, akanionyesha mgongo wa mbegu, akaendelea na safari yake.

Wao walichokosa ni maandishi. Walikuwa wamepanda miaka mingi, na akija mgeni kuuliza ni miche mingapi iliyoishi, jibu lilikuwa "mingi". Basi nikaanza kwenda Jumamosi na Jumapili kuandika daftari. Tarehe, aina, idadi iliyopandwa, idadi iliyo hai baada ya miezi mitatu. Tunaandika kwa penseli, kwa maana wino ukiguswa na maji ya chumvi unatanda ukurasa mzima. Vipimo vya miti mikubwa nimejifunza upya pia. Mti wa kawaida unaupima unene kwenye kimo cha kifua, mita 1.3. Mkoko hauna kifua, una mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, kwa hivyo unapanda mpaka mzizi wa juu kabisa, unaongeza sentimita 30, ndipo unazungusha tepu. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Topeni ni mguu mmoja juu ya mzizi, leso imefungwa kiunoni, penseli mdomoni.

Miezi minne baadaye alikuja mwanafunzi wa uzamili akifanya utafiti kuhusu hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Alitafuta mtu anayelijua bonde na anayeweza kuandika vipimo. Bi Mkubwa hakuulizwa mara mbili. Alisema, "Mchukue huyu. Hakosi siku, na haandiki asichokiona." Siku sita za kazi, malipo kwa M-Pesa, pesa yangu ya kwanza kwa taaluma yangu. Kutoka hapo jina langu likapelekwa kwa mtu mwingine, na huyo akanipa namba ya mtu wa Kwale.

Nimeyatafakari sana maneno yale ya Bi Mkubwa. Shahada ninayo, chuo kilinipa, iko kwenye fremu sebuleni. Lakini mtu anayetaka kukukabidhi kazi anatafuta shahidi: mtu aliyekuona ukifanya, anayeweza kuapa juu yako. Yule aliyeniuliza nani kakutuma alikuwa akitafuta mdhamini wa ukoo au wa pesa, na hilo nitalipinga mpaka kesho. Ila nilikosea kudhani kila kujuana ni hivyo. Bi Mkubwa hakuwa na kiti cha kunigawia. Alikuwa na miezi minne ya kunitazama.

Mwezi wa pili nilijilipia nauli kwenda Gazi. Unavuka feri Likoni, unapanda matatu ya kuelekea Lunga Lunga, unashuka njiani, si mbali. Hapo ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 wanalipwa na walio mbali kwa ile hewa ya kaboni inayobaki ardhini badala ya kupanda angani. Fedha zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Mwaka 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nilitembea juu ya daraja la mbao linaloendeshwa na akina mama katikati ya mikoko, na sikumwomba mtu kazi. Niliuliza wanafanyaje kazi. Nani anaweka hesabu? Nani anakwenda kuzungumza na kijiji fedha zikifika na watu wakitofautiana? Nani anaandika ripoti ya mwaka?

Majibu yalinifungua macho. Kazi hizi mara nyingi hazibebi jina la uendelevu kwenye tangazo. Zinaitwa mhasibu wa mradi, afisa wa jamii, mkusanyaji takwimu, msimamizi wa kitalu. Viwandani na hotelini ziko kwenye ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka, unaotakiwa na kanuni za 2003, na ukitaka kuufanya rasmi unajisajili NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwanza kama mtaalamu mshiriki kisha mtaalamu mkuu. Nilikuwa nimetafuta neno moja tu kwenye intaneti mwaka mzima.

Hata barua zangu zimebadilika. Za mwanzo zilianza, "Mimi ni kijana mwenye bidii na ari ya kufanya kazi chini ya shinikizo." Huyu wa Kwale nilimwandikia hivi: "Salaam aleikum. Naandika daftari la kitalu cha mikoko hapa Mikindani. Mkandaa wetu unakufa zaidi ya mkoko baada ya kutimiza miezi mitatu, na sehemu hiyo inapokea maji taka. Je, nyinyi mmewahi kukutana na hali hii?" Alijibu siku hiyo hiyo usiku, aya tatu. Tukaandikiana wiki tano kuhusu mkandaa. Kazi aliitaja yeye.

Lakini sitaki mtu asome hapa aelewe kwamba dawa ni kujitolea tu. Kabla ya kitalu nilijitolea wiki tisa katika shirika moja, kila siku, bila nauli wala chakula, nikiandaa ripoti zilizotoka na majina ya wengine. Nilipouliza kuhusu nauli niliambiwa nafasi inatafutwa na wengi. Ile haikuwa kujifunza. Kitalu ni cha wikendi, ni karibu na nyumbani, na akina mama wale hawalipwi zaidi yangu; tukiuza miche tunagawana. Na mimi nina mama anayenipa ugali na paa juu ya kichwa. Ninao wenzangu niliosoma nao, wakali kuliko mimi, walioacha njia hii wakaingia kuuza simu za mkopo kwa sababu nyumbani wanategemewa. Nchi inayopoteza watu hao inapoteza wanaojua kupima mchanga na maji. Laiti kila mradi unaokuja pwani ungeandika kwenye bajeti yake nauli ya vijana wa hapo, kabla ya kuandika hoteli ya warsha.

Kwa ajili ya kesho nimerudia marekebisho ya 2023 ya sheria ya tabianchi, kipengele cha jamii: mradi wa kaboni wa ardhini unapaswa kuipa jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka, baada ya gharama kutolewa. Nitawauliza gharama hizo huhesabiwa na nani, na kijiji huziona vipi. Nataka kuijua kazi hiyo kabla sijaikubali.

Saa sita kasoro. Bi Mkubwa amenitumia ujumbe wa sauti, najua alikuwa jikoni kwa sababu nasikia mafuta. Anasema Jumatano maji yatapwa mnamo saa saba, nisichelewe. Kisha anasema hivi: "Na wakikuchukua Kwale, nenda, nakuombea. Ila kabla hujaenda, huyu mjukuu wangu mfunze kusoma ile tepu na kuandika daftari. Namleta Jumatano akitoka shule."

Nimechonga penseli mbili.